Bwana Shamba Asiyetaka Kulowa

Mwezi wa Januari, Malindi, jua likiwa utosini na mbuzi wamejibanza kwenye vivuli vya kuta, alikuwapo mtu mmoja tu aliyekatiza mtaa wetu wa Muyeye amevaa koti la mvua. Watoto walimwita Masika. Sisi wakubwa tulimwita Bwana Shamba, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta: kuwafundisha wakulima wa Jilore kupanda mahindi kwa mistari, kuchimba matuta na kuipogoa mikorosho. Jina alikuwa nalo kama watu wengine, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia mbele yake, na mimi sitaanza leo.

Alitoka bara, kwenye baridi, na mambo ya kwao hakuyazungumza wala mimi sikuyachimba. Nilimjua kwa koti. Alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, nikishona magauni, kanzu na sare za shule. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu, akalivua koti taratibu kama anayemvua mtoto mgonjwa, akaniuliza kama naweza kushona mshono usiopitisha maji. Nikamjibu kwamba mimi nashona chochote. Ningejua ninachojitakia, ningemwambia nina homa.

Koti lenyewe lilikuwa la turubai nzito, kijani kilichofifia, refu hadi chini ya magoti. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wake kazini, siku Mzungu huyo aliporudi kwao. Pamoja na koti aliachiwa buti za ngozi zenye soli nene na kamba ndefu, na inaonekana pia aliachiwa wasiwasi. Kwa Bwana Shamba dunia ilikuwa na adui mmoja, nayo ni maji yanayotafuta pa kuingilia. "Maji hayana haraka, Mama Fundi," alikuwa akiniambia. "Wewe ndiye mwenye haraka. Yanakungoja usahau tundu moja tu."

Tundu alizozizungumzia zilikuwa zangu. Kila sindano ipitapo kwenye kitambaa huacha tundu, na mimi kazi yangu ni kupitisha sindano. Kwa hiyo kila mshono niliomshonea tuliugombania. Alitaka uzi usuguliwe nta kwanza. Alitaka kitambaa kikunjwe mara mbili, kikunjo kielekee chini kama vigae vya paa, kisha mshono upakwe nta tena ndani na nje. Nilipomwambia kwamba gauni la bibi harusi sijalishughulikia hivyo, alinijibu kwa upole kwamba bibi harusi hatembei hadi Jilore kwenye matope. Nilikasirika, kisha nikashona alivyotaka. Mshono ule ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Mwavuli aliudharau. Alisema ni kifaa cha watu wanaotoka mlango mmoja kuingia mlango mwingine. Sabuni aliichukia zaidi. Buti zake hazikuoshwa, zilipigwa brashi mpaka tope likatoka. Hazikuanikwa juani wala hazikusogezwa jikoni. Zilijazwa magazeti makuukuu yanyonye unyevu, zikawekwa kivulini, kisha zikapakwa mafuta kwa kidole, si kwa kitambaa, kwa sababu kidole ndicho kinachojua ngozi imekunywa kiasi gani. Kazi hii aliifanya jioni mlangoni pake, amekunja suruali, akiimba wimbo wa kwao usio na mwisho.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na moyo mwema na pua kali. Siku moja aliliona koti la Bwana Shamba limelala juu ya cherehani yangu, likinuka, akamhurumia mtu asiye na mke. Akalichukua uani, akaliloweka kwa sabuni ya unga, akalifikicha mpaka mikono ikamuuma, akalianika juani. Jioni mwenyewe akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Koti lako lile, limetakata sasa."

Bwana Shamba aliligusa. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akakaa chini barazani bila kukaribishwa.

"Lilikuwa likinuka, mwanangu," mama mkwe alisema, sasa kwa wasiwasi.

"Ndiyo, mama. Lilikuwa likinuka kwa sababu."

Akalikunja koti mapajani. Mtu akifiwa hukaa namna ile. Mama mkwe aliogopa hata akampelekea sahani ya wali na samaki wa kupaka, naye akala wote, maana huzuni yake haikuwahi kumfika tumboni.

Ikabidi koti lipakwe nta upya, maana sabuni ilikuwa imeitoa yote, na kwa kuwa kosa lilitoka kwetu, jiko likawa letu. Alileta nta ya nyuki kutoka kwa warina asali wa Jilore, akaichanganya na mafuta ya ng'ombe, akaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka, ili isishike moto. Kisha akailambisha turubai ile ingali moto, kipande kwa kipande, akisugua kwa nguvu mpaka jasho likamchuruzika puani. Sufuria yangu haikurudi tena kupika uji. Nilipomlalamikia, aliitazama, akasema sasa haitashika kutu kamwe.

Alilosahau ni kwamba nta iliyopangiwa baridi ya bara haijui adabu ya Malindi. Saa sita mchana koti liling'aa, saa saba likanata. Mimi si wa kanisani, lakini habari za kanisani hutufikia sote. Jumapili moja, walipoambiwa wasimame waimbe, Bwana Shamba alisimama na benchi likasimama naye, na wazee wawili waliokuwa mwisho wa benchi wakajikuta sakafuni. Padri alisubiri. Watu walivuta huku na huku, benchi likaachia kwa sauti ambayo haikufaa kusikika mahali pale. Wiki iliyofuata alikaa benchi lile lile, na koti lile lile, ila safari hii alitandika gazeti.

Mwaka mmoja nta ilipoadimika, mvuvi wa Takaungu alimwambia kuhusu sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za vyombo zisioze. Mvuvi alimwambia kwa nia njema. Bwana Shamba alizipaka buti zake sifa, akazipaka tena, na kweli kabisa maji hayakuingia. Lakini paka wa Muyeye wote walihamia mlangoni pake. Alipokwenda kazini walimsindikiza mpaka barabara kuu, mikia juu. Ofisini waliomba meza yake ihamishiwe nje, chini ya ukingo wa paa, naye akakubali bila kinyongo. Alisema paka ni wanyama wenye akili na wanajua ngozi iliyotunzwa.

Sasa mtu kama huyu kazi yake ilikuwa nini? Kuwafundisha watu kuyashika maji! Hapo ndipo mume wangu aliposhindwa kumwelewa mpaka mwisho. Asubuhi Bwana Shamba alisimama shambani Jilore na kuwaambia wakulima: chimbeni matuta, zibeni mifereji, mkinge hata maji ya paa, tone lisipotee hata moja. Aliwaambia hayo akiwa amefungwa vifungo mpaka kidevuni, ili tone lisimguse hata moja. Mtu alipomwonyesha kinyume hicho alishangaa kikweli. "Mimi si shamba," alisema. Na kwa haki, kinyume hicho mtu hakukijali sana mpaka mvua ilipoanza kukosekana.

Lakini kabla ya hapo nimtaje Mama Karisa.

Ilikuwa kiangazi cha kawaida, kabla ya ukame mkubwa. Nilikuwa nimemaliza kumshonea mabega mapya, na kwa kuwa mvua haikuwapo, Bwana Shamba hakuweza kulala kwa kutojua kama mshono umeshika. Akiwa katika ziara zake Jilore akaingia boma moja, akamkuta mwanamke anatwanga. Akamsalimu, akaomba kata ya maji. Mwanamke akamletea kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.

"Si ya kunywa, mama," Bwana Shamba akasema. "Naomba unimwagie hapa begani, polepole, nione kama mshono wa fundi wangu unavuja."

"Maji haya nimeyatoa mto Sabaki kwa kichwa changu," mwanamke akamwambia. "Wataka niyamwage tuyaangalie yakiteremka?"

"Kidogo tu."

Mama Karisa akainua kata, akammiminia yote utosini. Maji yakamwingia shingoni, yakashuka mgongoni ndani ya koti, yakatafuta njia mpaka kwenye soksi.

"Haya," akamuuliza. "Mshono umeshika?"

Jioni ile alikuja kwangu angali na unyevu. Nilidhani amekuja kugombana. Alisema mabega yameshika vizuri, tatizo ni kola. Akakaa. Akazungusha kofia mikononi. Kisha akaniambia kwamba mwanamke yule ni mjane, kama kwamba nilimwuliza.

Tangu siku hiyo mikorosho ya upande ule wa Jilore ilipogolewa kuliko mikorosho yote ya pwani. Alimpelekea Mama Karisa pipa la kukingia maji ya paa, akalibeba mwenyewe mabegani kutoka stendi ya mabasi, watu wakiona buti mbili zinatembea chini ya pipa. Akamchimbia matuta kwa mikono yake. Vuli ikaja bila mvua, na masika ikaja bila mvua. Pipa likakaa pale chini ya paa likiwa kavu, kuku wakataga ndani yake.

Huku kwetu hakuwa na ndugu. Kwa hiyo alipoamua kuposa, alikuja kuniomba mimi na mume wangu tusimame kama jamaa zake. Mume wangu alikohoa. Sisi ni Waislamu, yeye ni Mkristo, na wazee wa Jilore hawafungui mdomo juu ya posa mpaka wapelekewe kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi. Baada ya kufikiri sana mume wangu alikubali kwenda, lakini kukibeba kibuyu, la. Basi Bwana Shamba akakibeba mwenyewe ndani ya koti, akaingia bomani kwa mkwewe mtarajiwa na tumbo la miezi tisa.

Baba yake Mama Karisa alikuwa mzee mwembamba, amejifunga shuka, macho makali. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaonja tembo, akawapitishia wenzake. Kisha akalitazama koti kwa muda mrefu.

"Bwana Shamba," akasema, "mwaka mzima huu mvula haijanyesha. Kuna watu hapa wasema ni koti lako limeifunga."

Wazee wengine walitazama chini. Ndio waliokuwa wakisema.

"Mimi sisemi hivyo. Mvula ni ya Mulungu, haifungwi kwa vifungo vya koti. Lakini nina neno. Sisi hapa kila siku twaiomba. Wewe kila siku umevaa kuikataa. Sasa mwanangu nitampaje mtu anayekikataa kitu ninachokiomba?"

Mimi nilimtazama Bwana Shamba. Jasho lilikuwa likimtoka ndani ya nta ile kama maandazi kwenye mafuta, lakini hakufungua hata kifungo.

"Nifanye nini, baba?"

"Mvula ya kwanza ikinyesha, njoo kwangu bila koti. Nikuone umelowa kama sisi. Siku hiyo tutazungumza."

Tulipokuwa tukirudi mume wangu alisema ni sharti jepesi. Watu wengine wanadaiwa ng'ombe. Bwana Shamba alikubali ni jepesi. Lilikuwa na kasoro moja tu, kwamba mvua haikuwapo, na haikuja mwezi ule wala uliofuata. Ulikuwa mwaka wa unga wa manjano, ule wa kupangia foleni, ambao ukipika ugali watoto wanakuuliza umetia nini. Mnazi ulikauka, mbuzi walikula maboksi. Na jioni, mtu yule ambaye kwa miaka akiona wingu hukimbilia ndani, alikuja kukaa barazani kwangu akitazama juu.

"Lile lina maji, Mama Fundi?"

"Lile ni moshi wa jaa, Bwana Shamba."

Wakulima walikuwa wakiingojea mvua kwa ajili ya chakula, na wallahi nilimcheka mtu aliyeingojea ili alowe. Lakini hata hapo hakuacha kulipaka koti nta. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, na keshakubali kulivua. Akasema koti halina kosa. Kisha akasema jambo lililoniondolea kicheko.

"Mimi tangu nianze kazi nimelala vyumba vya kupanga. Nikifa leo usiku, atakayegundua ni mwenye nyumba, na atagundua mwisho wa mwezi." Alikuwa akikaza kamba ya buti. "Pale kwa Mama Karisa nikichelewa kufika, anauliza kwa nini."

Nilisikia uchungu mpaka nikajichoma sindano. Nikamwambia mvua itakuja, na sikuwa na uhakika wowote.

Ilikuja masika iliyofuata, asubuhi, ghafla, kwa kishindo kilichowatoa watu wote nje. Wanawake walitoa masufuria, wanaume walitoa ndoo, watoto walitoka kama walivyozaliwa. Katikati ya vurumai ile nikamwona Bwana Shamba anakuja mbio, amevaa shati jeupe lililomganda mwilini, kichwa wazi, amekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa ndani ya koti.

"Bwana Shamba! Koti!"

"Limevaliwa!" akapiga kelele bila kusimama.

Alikuwa amelivika kadzama. Tembo likiingia maji ya mvua huwa tusi kwa wazee, naye sharti aliloambiwa lilimhusu yeye, si kibuyu. Kuhusu viatu hakuambiwa kitu, kwa hiyo alivaa buti zake. Nilitoka barazani nikasimama mvuani kumtazama mpaka alipokata kona, na mume wangu akaniita ndani akidhani nami nimerukwa na akili.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Karisa. Njia ya Jilore ilikuwa tope tupu, magari yamekwama, naye alitembea njia yote. Maji yalimwagika kutoka kwenye suruali yakaingia ndani ya buti kwa juu, na buti zisizoingiza maji hazitoi maji pia. Alifika bomani kila mguu uko ndani ya ndoo yake. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, akiitazama mvua kwa furaha, akakiona kiumbe kinakuja.

"Ni nani huyu?"

"Bwana Shamba, baba," Mama Karisa akasema. "Amekuja bila koti. Si ulimwambia?"

Mzee akamtazama kuanzia utosini. Akakitazama kibuyu, kikavu, kimefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Mtu ana koti," akasema, "amelivika kibuyu, na yeye atembea uchi wa kichwa kwenye mvula yote hii? Mimi nilitaka mtu kama sisi. Hakuna hapa mtu afanyaye hivyo. Mwanangu simpi mwenda wazimu."

Lakini kibuyu akakipokea.

Mama Karisa aliponisimulia haya alikuwa bado na hasira. "Baba hakuniuliza," aliniambia. "Angeniuliza ningemwambia. Mume wangu wa kwanza hakuwa na hofu. Sabaki imefura, yeye alisema maji ni maji tu, akavuka. Tulimpata kule chini, siku ya tatu. Mimi huyu nilimtaka kwa sababu aogopa."

Kumrudisha Bwana Shamba Malindi haikuwezekana. Njia ilikuwa imekatika, na jioni ile ile homa ikampanda, meno yakagongana, akaanza kuihutubia mikorosho. Mgonjwa hafukuzwi, hata kwa mzee yule. Alilazwa bomani, na Mama Karisa akampelekea uji asubuhi, mchana na jioni, mbele ya macho ya Jilore nzima, iliyokuwa na muda wa kutazama kwa sababu mbegu zilikuwa bado ardhini. Alipopata nguvu za kusimama, wazee walikuwa wameshakaa tena. Mtu keshanyweshwa uji wa mjane wiki mbili, kumrudisha alikotoka ni aibu kwa wenye uji. "Basi na amchukue," mzee akasema. "Keshatumalizia unga wa wimbi."

Harusi niliishona mimi. Mikunjo ya gauni la Mama Karisa niliielekeza chini, sijui kwa nini.

Alihama Muyeye, na kwa muda paka waliendelea kuja kuangalia mlango ule. Nilimwona mjini mara moja moja, sokoni au posta, tukasalimiana, akanisifia mshono wa mtu mwingine kabisa akidhani ni wangu. Alistaafu. Watu walisema amekuwa mkulima, na kwamba mahindi yake hayako kwenye mistari.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, Karisa, yule mtoto wa Mama Karisa, akawa anaoa, nami nikapeleka gauni la bibi harusi Jilore mwenyewe ili nilirekebishe likiwa mwilini. Ulikuwa msimu wa vuli, adhuhuri, mbingu nzito. Mama Karisa alinipokea kwa kunikumbatia. Miguuni alikuwa amevaa buti. Zilimpwaya kidogo, na zilikuwa zimepakwa mafuta vizuri sana.

"Zake hizi," akasema. "Nimemwambia mimi ndiye niingiaye shambani asubuhi."

Koti nililiona nilipoingia ndani. Lilikuwa limefunika magunia ya mbegu pembeni, limefungwa kila kifungo. Bwana Shamba alikuwa ameota mvi, shati kuukuu, miguu mitupu, amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha kamba. Kitandani alilala mkwewe. Mzee alikuwa ameanguka miezi kadhaa nyuma na nyonga ikavunjika, na tangu hapo kitanda hakikuweza kusogezwa hata kidogo. Ukigusa mbao zake tu, alilia kama mtoto.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?" Sauti ilikuwa imebaki kidogo lakini ukali wote ulikuwapo. "Mwambie nduguyo huyu. Maisha yake yote fundi wa kuzuia maji, na nyumba hii yavuja. Amepanda juu ya paa mara tatu. Kila akishuka, tundu zimeongezeka."

"Makuti si turubai, baba," Bwana Shamba akasema.

"Makuti si turubai!" mzee akamwiga. "Nitakufa nimelowa mimi, kwenye nyumba ya mtu wa makoti."

Nilicheka, na Bwana Shamba akacheka pia. Alikuwa na kicheko kizuri ambacho Muyeye hakukitumia sana. Tulizungumza habari za harusi, nani ataalikwa na nani atajialika. Mzee akasinzia. Mama Karisa akatoka kwenda kumwita bibi harusi nyumba ya jirani aje ajaribu gauni.

Mvua ikaanza mara tu alipotoka. Kwanza ilipigapiga makuti, kisha ikamwagika. Tone likaanguka karibu na mlango, Bwana Shamba akasogeza sufuria bila kutazama. Jingine likaanguka katikati ya chumba, akasogeza karai. Yalijulikana yanapoangukia, kama wageni wa kila siku. Kisha tukasikia lingine likitua juu ya kitambaa. Lilikuwa limetua kwenye shuka, karibu na bega la mzee. Likafuata la pili, mahali pale pale.

Bwana Shamba alitazama juu, akatazama kitanda. Nilidhani ataliendea koti, lakini mbegu zilikuwa chini yake, na pale pembeni nako kulikuwa kumeanza kuvuja. Akainuka, akaketi taratibu ukingoni mwa kitanda, akainama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, mpaka matone yakawa yanamwangukia yeye mgongoni. Shati likashika rangi ya maji. Yakaongezeka, yakawa mchirizi mwembamba, ukashuka kwenye uti wa mgongo wake hadi kiunoni. Niliona ngozi ya shingo ikimsisimka.

"Bwana Shamba," nikamwambia kwa sauti ya chini, "unalowa."

"Najua, Mama Fundi."

Mzee akafumbua macho. Alisikiliza.

"Yanyesha?"

"Yanyesha, baba."

"Mbona mimi silowi?"

Bwana Shamba hakugeuka, kwa sababu angegeuka maji yangepita. "Paa nimelitengeneza," akasema.

Mzee akafikiri. "Limeshika?"

"Limeshika."

"Haya," mzee akasema. "Hatimaye." Akafumba macho, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma. Mimi nilishika gauni la bibi harusi mapajani nikalia, nami si mtu wa kulia mbele za watu. Bwana Shamba alinifanyia ishara ninyamaze nisije nikamwamsha, akaendelea kukaa vile vile mpaka mvua ikakatika.